Jinsi ya kuandika historia ya kanisa la kijijini kwenu, anzia makaburini

Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniuliza swali lile lile, wote wako kwenye kamati za jubilei huku Kanda ya Ziwa, eti we uliwezaje kuandika kile kitabu cha kigango chenu (kanisa dogo chini ya parokia) wakati kila mtu alikua anasema hamna kumbukumbu yoyote. Basi naandika hapa yote mara moja, nikiulizwa tena nawatumia hii. Mi sio mwanahistoria, nina stesheneri Buhongwa, natoa fotokopi na kufunga ripoti za wanachuo, na hii kazi nilipewa kwa sababu nina printa wala sio kwa sababu ya akili.

Kwanza usianzie ofisini. Najua kila mtu anaanzia ofisini, anaenda kwa katibu wa parokia anaomba mafaili, anapewa karatasi moja ya "historia fupi" ambayo iliandikwa kwa jubilei iliyopita na yenyewe ilinakiliwa kutoka jubilei ya nyuma yake, inasema mapadre walifika mwaka fulani, wakapokelewa, wakajenga, parokia ikakua. Ukiisoma utadhani kanisa lilijengwa na wazungu wanne wenye ndevu na hakukua na mtu mwingine wa kubeba hata tofali. Anzia nje, makaburini, na hata makaburi yenyewe usiyasome kwanza, angalia uwanja.

Hili la uwanja nimelitoa mbali kidogo, vumilia. Kuna kanisa dogo huko Wales linaitwa Pennant Melangell, liko mwisho wa bonde kwenye milima ya Powys, yaani ukifika pale njia imeisha. Hadithi yao inasema kuna binti alitoka Ireland akaja kukaa bondeni kusali, jina lake Melangell, na mwaka 604 mtawala wa Powys anaitwa Brochwel alikua anawinda na mbwa, sungura akakimbia akaingia chini ya gauni la yule binti, mbwa wakagoma kusogea. Mtawala akashangaa akampa bonde lote liwe mahali pa kukimbilia wenye shida. Mpaka karne nyingi baadae watu wa pale walikua hawaui sungura, wakawaita wanakondoo wa Melangell. Kwetu sungura ndio tapeli wa kila hadithi, huko ni mkimbizi, sawa.

Sasa sikia. Sehemu kongwe za jengo la hilo kanisa ni za karne ya 12. Lakini uwanja wa makaburi ni wa duara, na una miti ya yuu, mti wa kule wenye majani membamba kama msonobari na usiokufa haraka, ambayo mingine inakadiriwa kufika miaka 2,000. Hesabu mwenyewe, miti iko pale kabla ya kanisa, kabla ya Melangell, na kama makadirio ni kweli basi wakati inaota dini yenyewe ilikua ndio kwanza inazaliwa. Na Wales ukiangalia ramani unakuta vijiji kibao vinaanza na Llan, Llangernyw, Llandeilo na wengine, na lile neno llan zamani lilimaanisha uwanja uliozungushiwa, kanisa likaja kuitwa hivo kwa sababu lilijengwa ndani ya uwanja. Uwanja ndio mkubwa kwa umri, jengo ni mtoto.

Kwa hiyo siku ya kwanza nenda na daftari tu, simu weka mfukoni. Tembea ukizunguka kiwanja chote ujiulize kilikua cha nani kabla ya msalaba. Kwetu niliona miembe 7 imepangwa mstari ambao hauelekei kanisani wala barabarani, inaelekea ziwani. Niliikuta pale tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza, tulikua tunaipiga mawe tu. Nikamuuliza mzee mmoja akacheka, akasema hiyo ndio njia, watu walikua wanapandisha mizigo toka mitumbwini wanapita hapo, kanisa limekuja kukaa pembeni ya njia kama duka. Hiyo sentensi moja ilikua na maana kuliko karatasi yote ya ofisini. Angalia pia minyaa, maana minyaa iliyozeeka ikiwa imejipanga ujue palikua na ua wa mji wa mtu, na angalia mawe makubwa, huku kwetu Mwanza jiwe halikosi habari.

Alafu angalia kuta, ngazi, na sehemu za kufulia. Narudi Wales kidogo tu. Lile kaburi la Melangell lilikua limejengewa kwa mawe ya kuchongwa, kazi ya karne ya 12, ila baada ya wakati wa Matengenezo ya dini, Waprotestanti walipojitenga na Roma, likabomolewa, na mawe yake yakatumika kujengea kuta za kanisa na geti la makaburini. Watu wakaingia kanisani miaka mamia wakipita chini ya kaburi la mtakatifu wao bila kujua. Vipande vikakusanywa vikaunganishwa upya 1958, na kazi ikarudiwa vizuri zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mi nilivosoma hiyo nikaenda nyuma ya jiko la zamani la masista ambapo kuna jiwe la bapa la kunolea mapanga, tukaligeuza na vijana wawili, chini lina msalaba na herufi nne. Jina lote halijabaki ila lilikua jiwe la mtu. Kwa hiyo geuza mawe, ila omba ruhusa kwanza, na usiguse jiwe ambalo bado liko juu ya kaburi.

Ruhusa yenyewe ni hivi. Barua fupi kwa paroko kupitia mwenyekiti wa kigango, nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji, sema unataka kuhesabu na kupiga picha na kwamba huchimbi chochote. Hilo la kutochimba liandike kwa herufi kubwa kabisa. Huku kwetu mtu akionekana makaburini asubuhi na kamba ya kupimia na panga la kufyekea, jioni maneno yameshafika Misungwi, wengine watasema unatafuta rupia za Mjerumani, wengine watasema mabaya zaidi. Waambie watu kanisani Jumapili, tangazo la mwisho, kabla hujaenda. Nenda na mtu mzima wa pale pale.

Sasa makaburi. Kitu ambacho kilinichukua muda kuelewa ni kwamba Usukumani zamani mtu hakuzikwa kwenye makaburi ya pamoja, alizikwa mjini kwake, mzee mwenye mji alilala zizini kwa ng'ombe wake. Sasa mission inafika inafungua makaburi, nani anazikwa pale? Hawezi kuwa mzee wa pale, ana zizi lake. Anazikwa asiye na mji. Padre aliyetoka Ufaransa, mpagazi aliyeugua njiani, mtoto aliyekombolewa utumwani ambaye hajui kwao. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari wa Kikatoliki, walipotoka Buganda 1882 walikuja na yatima wao huku kusini mwa ziwa, na 1883 wakafungua mission Bukumbi, pale Kamoga. Kwa hiyo kwenye mission kongwe za ukanda huu, ukikuta mstari wa mwanzo una kaburi moja la padre lenye msalaba wa chuma na pembeni vilima visivyo na kitu, usiandike "kaburi 1". Wale pembeni ndio waumini wa kwanza wa hilo kanisa. Mi kitabu changu chote nilikibadilisha nilipolielewa hilo, nilikua nimeshaandika kurasa 20 za mapadre nikazipunguza zikawa 4.

Kageye ni mfano mzuri, pale Magu upande wa ziwa. Stanley, yule mzungu mpelelezi, alifika pale Februari 1875 na msafara wake, na mwenzake mmoja kijana wa Kiingereza, Frederick Barker, akafia pale mwaka huo huo. 1877 wakaja wa CMS, wamisionari wa Kianglikana toka Uingereza, daktari wao John Smith naye akafia pale. Hayo majina mawili utayakuta kila mahali. Msafara wa Stanley ulitoka pwani na watu zaidi ya 300, wakafa wengi sana kabla ya kuona ziwa, na wengine wakafia hapo hapo ziwani. Nani kaandika walilala wapi?

Kuyapata makaburi yasiyo na jina bila kuchimba, nenda wakati wa jua la chini, saa 1 asubuhi au saa 12 jioni, kivuli kinakuonyesha vibonde na vilima ambavyo mchana huvioni kabisa. Kaburi la zamani mara nyingi linabonyea katikati, urefu wa mtu au wa mtoto, upana kama mlango. Angalia mawe mawili yanayotazamana, moja kichwani moja miguuni. Angalia mwelekeo pia, Wakristo wa zamani walizikwa kichwa magharibi miguu mashariki, kote kote, Wales na huku, kwa hiyo kilima kilichokaa tofauti kiandike kwamba kimekaa tofauti. Kiangazi ndio wakati wake, Julai au Agosti nyasi zikiwa zimeisha, ukienda Machi utakanyaga mtu hujui.

Chora ramani. Chukua kona moja ya kanisa ambayo haitahama, piga kamba ya mita 30 mpaka mti ambao nao hauhami, alafu kila kaburi unapima toka kwenye ile kamba. Namba ziandike kwenye karatasi, usichore kwenye makaburi, kuna jamaa alichora na rangi nyekundu na ilibidi afute na bado watu hawajamsamehe. Lisilo na jina nalo lina namba kamili sawa na la askofu.

Kusoma maandishi. Kule Wales wanabahatika, upande wa kaskazini wana mawe ya sleti, herufi za miaka 200 unasoma kama zimechongwa juzi, Er cof am, maana yake kwa kumbukumbu ya, alafu jina, alafu shamba alilokua anakaa, wenyewe wanaandika na jina la shamba kwa sababu watu wenye jina moja ni wengi mno. Sisi tuna saruji. Saruji ya miaka ya 1930 iliyoandikwa kwa msumari ikiwa mbichi, alafu kila jubilei imepigwa chokaa, herufi zimejaa. Usikwangue! Usitumie brashi ya waya, usimwage Jik, usipake unga wala chaki. Mwagia maji kidogo kwa ile chupa ya kupulizia maji ya saluni, futa na brashi laini ya kupakia rangi, subiri likauke nusu, herufi zinakauka mwisho kwa hiyo zinabaki nyeusi. Kama bado, rudi usiku na tochi, ilaze pembeni kabisa ya jiwe mwanga upite kama jua la jioni. Nyingine nilizisoma kwa kidole, nimefumba macho, mwenzangu anaandika.

Lugha utakazokutana nazo. Hic jacet ni Kilatini na Ci-gît ni Kifaransa, zote maana yake hapa amelala, Hier ruht ni Kijerumani, hapa amepumzika. Namba ndio mtego. Mjerumani na Mfaransa wa zamani anaandika 1 yenye mkono mrefu wa mbele mpaka inafanana na 7 yetu, na 7 yake inakatwa katikati. Mi nilisoma kaburi la katekista mmoja 1917 nikajenga sura nzima, kwamba alikufa na vita, Waingereza wameshachukua Mwanza 1916, mambo yamevurugika, nikaandika kwa huzuni kweli. Nikasoma mbele ya kamati. Bibi mmoja akanyoosha mkono akasema huyo ni babu wa mama yangu, alikufa kabla mama yake mama hajaolewa, na alikufa na radi. Ilikua 1911. Sura ikaenda na maji.

Ndio maana unahitaji vitabu, na sasa ndio unaenda ofisini, ukiwa na orodha yako mkononi. Katoliki kuna vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, omba kuviona ukiwa umekaa hapo hapo mbele ya katibu, usiombe kutoka navyo. Vya miaka ya karibuni usiviombe kabisa, kuna mambo ya watu walio hai, nani kazaliwa nje, nani ndoa yake imevunjika, hayo hayakuhusu. Mpaka miaka ya 1960 utakuta Kilatini, usiogope, maneno ni yale yale machache yanarudia: natus au nata kazaliwa, filius au filia mtoto wa, patrinus na matrina wasimamizi, obiit kafa, sepultus kazikwa. Ukiona in periculo mortis kabatizwa akiwa hatarini kufa, na hapo nenda moja kwa moja kwenye kitabu cha vifo, wengi utawakuta wiki hiyo hiyo. Ukiona parentibus ignotis wazazi hawajulikani, na redemptus ni aliyekombolewa, hao ndio wa vile vilima visivyo na msalaba. Nilipata watoto 9 wa namna hiyo kwenye kurasa mbili. Jina la ubatizo tu, Maria, Josephus, Maria, Petrus.

Pembeni ya ukurasa wa ubatizo kuanzia 1908 Roma ilitaka ndoa iandikwe pia pale, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa kuzaliwa, kubatizwa na kuolewa kwa mtu mmoja. Raha sana.

Majina usiyaamini kwa herufi. Mfaransa aliandika Boukoumbi na Ousoukouma, Mjerumani aliandika Muansa, na R na L zinapishana apendavyo aliyeshika kalamu, Kulwa anakua Kurwa. Soma kwa sauti ndio utamjua. Alafu majina ya Kisukuma yenyewe ni kumbukumbu, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija anawafuata, Mabula ni wa mvua, Mayala na Nzala ni wa njaa. Ukikuta kwenye mwaka mmoja Mayala wamejaa, weka alama, ulizia wazee njaa ya mwaka huo. Haikupi uhakika kwa sababu wengine wanarithi jina la babu, lakini inakupa swali la kuuliza.

Kitu kingine wengi hawajui, Kardinali Lavigerie aliyeanzisha Mapadre Weupe aliagiza kila mission iandike shajara ya kila siku. Kwa hiyo nani kafika, mvua ngapi, chui kala mbuzi gani, vyote viliandikwa, na makao yao makuu Roma wana hifadhi. Kama kanisa lenu ni la Kianglikana la zamani au limeanzia CMS, barua za wamisionari wao ziko chuo kikuu cha Birmingham Uingereza. Nassa kwa mfano, CMS waliingia 1888, 1909 wakaiachia AIM (Africa Inland Mission), kwa hiyo watu wa AIC, kanisa lililotokana na hiyo AIM, pale wanaotafuta mambo ya mwanzo wakitafuta kwenye karatasi za AIM peke yake wanakosa miaka 20 na zaidi. Za utawala wa Mjerumani, viwanja na mipaka, ziko Nyaraka za Taifa Dar. Na ujue jimbo lenyewe limebadilika, Mwanza ikawa vikarieti (eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo) 1929, jimbo 1953, Geita ikajitenga 1984, Mwanza jimbo kuu 1987. Karatasi za kanisa la Sengerema zinaweza kuwa zimebaki Mwanza au zimeshavuka kwenda Geita, na saivi daraja la Kigongo-Busisi lipo toka 2025 kwa hiyo hakuna kisingizio cha kungoja kivuko.

Mahali pengine pa kwenda kabla hujaandika neno ni Bujora, Kisesa, makumbusho ya Wasukuma aliyoanzisha Padre David Clement, Mkanada. Nenda uone kanisa lake la duara, lilivyochukua alama za watemi likaziweka kwenye altare. Ukitoka pale ukirudi kwenu utaanza kuona vitu kwenye kanisa lenu ambavyo sio vya Roma.

Wazee. Hapa wengi wanaharibu. Wanafika na simu mkononi, wanawasha rekodi, "bibi, kanisa lilijengwa mwaka gani?" Bibi hajui mwaka, na akijua atakutajia wa kwenye karatasi ya ofisini maana ameusikia kila jubilei. Fika mchana kazi zimepungua, shikamoo yako, mwadila yako (salamu ya Kisukuma), kaa chini, kula kama kuna kula, sukari kilo moja uwe umebeba. Usiulize mwaka, uliza ilikua kabla au baada ya kitu. Kabla ya nzige? Kabla ya treni kufika Mwanza? (hiyo ni 1928.) Ulikua umeshaolewa wakati wa mvua za Uhuru? Wakati wa operesheni vijiji mlikua mnakaa wapi? Na usiulize "nani alijenga kanisa", uliza "nani alikua anachota maji ya kufyatulia matofali". Bibi yule yule wa radi aliniangalia akasema ng'wana wane (mwanangu), maji si tulichota sisi, akanitajia wasichana 11 kwa majina, na nyimbo waliyokua wanaimba wakipanda toka ziwani na mitungi. Hakuna kitabu duniani kina hao wasichana 11.

Mbebe mzee mpaka makaburini kama anaweza, bodaboda ya taratibu au gari ya mtu. Akiwa pale anakumbuka vitu ambavyo nyumbani hakumbuki. Ila kama hataki kwenda usimlazimishe, ana watu wake pale.

Mitego mitatu ya huku kwetu ambayo vitabu vya Wales havitakuambia. Ziwa. Toka 1961 mpaka 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na 2020 likarudi kule kule juu, kwa hiyo kanisa lililokua karibu na maji linaweza kuwa na makaburi yaliyoliwa au yaliyohamishwa, uliza "maji yalifika wapi" na wakuonyeshe mti. Pili operesheni ya miaka ya 1970, watu walihamishwa kwenda vijiji vya maendeleo, makanisa mengine ya nyasi yakaachwa na makaburi yake, saivi ni shamba la pamba la mtu. Ukisikia kigango kilianza 1975 uliza kilihamia toka wapi. Tatu ni kwamba jiwe linaweza kuwepo na mwili haupo, au kinyume chake. Alexander Mackay wa CMS alikufa Usambiro Februari 1890, akazikwa hapo kusini mwa ziwa, 1927 mabaki yake yakachukuliwa yakapelekwa Namirembe, Kampala. Kardinali Rugambwa alifariki 1997 akazikwa Kashozi kwa muda, mpaka 2012 ndio akahamishiwa kanisa kuu Bukoba. Kwa hiyo andika "jiwe liko hapa", usiandike "amezikwa hapa" mpaka uwe na uhakika.

Na kuna wale ambao hawana kaburi kabisa. Meli ya MV Bukoba ilivozama Mei 21, 1996 wengi walizikwa pamoja Igoma, wengine ziwa halikuwarudisha. Kwenye kitabu chetu tuna ukurasa wa waumini waliokufa majini, wavuvi kwa wasafiri, majina na mwaka bila namba ya kaburi. Familia ziliulizwa moja moja kabla ya kuandika jina, mbili zilikataa, hazimo. Picha za makaburi mapya usitume kwenye magrupu, hata kama ni nzuri.

Kuandika kwenyewe sina mengi. Usianze na Papa wala na Lavigerie, anza na kile kitu ambacho msomaji anakijua, mwembe, ngazi, jiwe la kunolea. Pale mzee anaposema tofauti na kitabu cha kanisa andika zote mbili na useme nani kasema ipi. Kwa mfano kule Ukerewe 1877, Smith mwingine wa CMS, Shergold Smith, na mwenzake O'Neill waliuawa kwenye ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara anaitwa Songoro, na ukisoma upande mmoja utapata mashahidi, ukisikiliza upande wa pili utapata wageni walioingilia kesi isiyo yao. Mwandishi sio hakimu. Andika na majina ya waliokuhadithia, wakikubali.

Ramani ya makaburi iwe katikati ya kitabu, kurasa mbili zilizofunguka, namba zote, na orodha mbele yake. Pasipo na jina acha mstari mtupu mrefu wa kuandikia kwa kalamu, wetu ulishaanza kujaa kabla hata jubilei haijafika. Nakala ya kwanza parokia, ya pili jimboni, ya tatu maktaba ya chuo kikuu cha SAUT Nyegezi, ya nne ofisi ya kijiji, na faili weka sehemu mbili tofauti sio laptopu moja. Kufunga usitumie stepla, unyevu wa ziwa unazila ndani ya miaka michache na kutu inatoboa karatasi, shona kwa uzi wa nailoni ule wa nyavu, matundu matano, gundi juu ya uti. Mi nafunga elfu mbili kimoja, kama ni cha kanisa tunaongea.